Zaituni wa Safu ya Chumvi

Crispus Nzanzu alikuwa na sauti ambayo ungedhani Mungu alimpa kwa kukosea nyumba. Ilikuwa sauti nzito, iliyotulia, sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Mwenyewe alikuwa mtu wa kupita pembeni mwa njia, wa kusalimu kwa kuinamisha kichwa, wa kukaa benchi la nyuma kanisani ili awe wa kwanza kutoka. Shuleni kule Rukoki alikozaliwa, mwalimu alikuwa akimsimamisha awasomee wenzake, na darasa zima lilinyamaza. Lakini mwalimu akifunga kitabu na kumwuliza, "Haya, tueleze ulichoelewa," Crispus alibaki amesimama, midomo imemkauka, mpaka aambiwe akae. Maneno ya watu wengine yalimtoka bila shida. Yake mwenyewe yalimkwama kooni kama mwiba wa samaki.

Darasa la saba lilikuwa mwisho wa masomo yake. Kanisani walimpa kazi ya kusoma masomo ya Jumapili, wakafurahi naye, hadi siku mchungaji alipomwomba aongoze sala ya kutoka kichwani, bila kitabu. Watu walifumba macho wakangoja. Waliochoka kungoja walifumbua. Tangu hapo kazi akapewa mwingine. Alipokwenda kuposa, mjomba wake ndiye aliyesema yote, akasema vizuri mno, na binti akawaambia wazazi wake kwamba yeye hataki kuolewa na mjomba wa mtu. Watu walicheka sana kwa jambo hilo. Crispus hakurudi tena kuposa, si hapo wala pengine.

Hivyo akafika Bwera akiwa mtu mzima asiye na mke, akawa anapakua na kupanga mizigo katika duka la Mahmood, karibu na soko la mpakani. Mahmood aliuza redio, betri, na blanketi za kila bei, na juu ya paa la duka alikuwa amesimamisha mlingoti wenye vipaza sauti vinne, ile mitambo ambayo watu wa huku huita kizindalo. Kizindalo ndicho kilikuwa gazeti la Bwera. Mbuzi akipotea, kizindalo kilisema. Mtu akifariki, kizindalo kilimtaja yeye na baba yake na mahali pa maziko. Mtangazaji wa zamani alipovuka mpaka kwenda kutafuta maisha Butembo, Mahmood alizunguka siku nzima akitafuta mtu, mwisho akamsukumia Crispus karatasi. "Wewe unajua kusoma. Soma tu, usiongeze kitu."

Alisoma. Soko likatulia. Kwa mara ya kwanza tangu shuleni, Crispus aliona raha ya sauti yake. Kibanda cha kusomea kilikuwa cha mbao, na kidirisha kidogo kama cha kuuzia tiketi, na hakuna aliyemwona. Aliingia humo kama konokono katika nyumba yake, na humo akakaa miaka.

Kitabu kilikuja msimu wa mvua, biashara ilipolala. Mahmood alikwenda Kasese kuchukua mali, akarudi na riwaya moja ya mapenzi iliyotoka pwani, aliyoinunua kwa mtu aliyekuwa akihama.

"Utawasomea hii siku za soko," alisema.

"Watasikiliza, bosi?"

"Mtu anayesikiliza hadithi hatembei. Asipotembea, macho yake yanatembea. Yakitembea yataona blanketi."

Basi Jumanne na Ijumaa, baada ya matangazo ya vifo na ya mifugo iliyopotea, Crispus alisoma sura moja. Alisoma kwa Kiswahili, kwa sababu nusu ya soko ni watu wanaotoka ng'ambo, Kasindi na kwingineko Kongo, na Wakonzo wa upande huu nao Kiswahili cha soko wanakijua. Neno la pwani likiwa gumu mno, alitia la Kikonzo.

Mwanamke wa kitabu aliitwa Zaituni, na haikuchukua muda soko likamchukia. Zaituni aliolewa na fundi cherehani mpole aliyeitwa Hemedi, mtu asiyepandisha sauti, naye akamdharau. Aliwajibu watu kwa mkato. Jirani akija kuomba kaa la moto, alimwambia moto wake si wa msikiti. Mwisho akamwacha Hemedi akaenda zake, bila kupigwa wala kutukanwa, na mama mkwe wake alipokufa, Zaituni hakwenda kuzika.

Siku ya sura hiyo ya maziko, kina mama walikuja mpaka kidirishani.

"Papa! Ule mwanamuke iko na roho gani?" alipiga kelele mama mmoja wa Kasindi, na shehena ya ndizi bado kichwani. "Mama mukwe anakufa, yeye naketi!"

"Muue!" mwingine akadakia. "Kesho muue na gari. Hata na baskeli."

"Haimo kitabuni," Crispus alijibu kwa sauti ndogo, na wao wakacheka, kwa sababu sauti ya kidirishani haikufanana kabisa na ya mlingotini.

Hawakujua kwamba yeye alimpenda Zaituni. Aliona haya hata kujikubalia. Kulikuwa na ukurasa mmoja ambapo Zaituni, baada ya kumfukuza jirani mlangoni, anaingia jikoni, anafunua sufuria ya wali uliopoa, anaula kwa mkono akiwa amesimama, na uso ameuelekeza ukutani. Mwandishi hakusema kwa nini. Alipita tu. Crispus hakuweza kupita. Alijua kula hivyo. Aliona kwamba mtu huyo mkali alikuwa amefungiwa ndani ya ukali wake kama yeye alivyofungiwa ndani ya ukimya wake, na kwamba wote wawili hawakuwa na ufunguo. Lakini soko halikula wali huo pamoja na Zaituni. Soko lilisikia tu kwamba ameubakiza bila kumpa jirani.

Sasa, katika safu ya wauza chumvi alikuwapo mwanamke aliyeitwa Kukunda. Alikuwa mtu wa Ankole, mrefu, mwenye shingo iliyonyooka, na aliuza chumvi ya Katwe kama wenzake wote, vilima vidogo juu ya turubai. Lakini hakutoa nyongeza. Bwera, ukipimiwa kopo la chumvi lazima muuzaji adondoshe konzi moja juu, hata kama ni punje chache, hiyo ndiyo shukrani. Kukunda alipima, akasawazisha kopo kwa kiganja, akamimina, basi. Mtu akiendelea kungoja na mfuko wazi, alimwuliza, "Umesahau kitu?" Tena alikuwa amemwacha mume. Mume wake, Byamukama, alikuwa msomaji wa kanisa huko Muhokya, mtu ambaye hata kuku walimfuata. Na mama yake Byamukama alipofariki, tangazo lilisomwa Bwera pia, alilisoma Crispus mwenyewe, na Kukunda alilisikia akiwa ameketi nyuma ya chumvi yake. Siku ya maziko aliuza chumvi.

Hivyo nani alaumiwe? Hakuna aliyekaa akapanga. Ijumaa moja tu, Gorret, mama mnene mchangamfu aliyekuwa mkubwa wa safu ya chumvi, alimwambia mteja aliyerudi akinung'unika kwa kukosa nyongeza, "Ulikwenda kwa Zaituni? Sasa ulitegemea nini?" Safu nzima ikacheka. Jumanne iliyofuata jina lilikuwa limefika kwenye nyanya. Mwisho wa mwezi watoto waliotumwa chumvi walisema, "Mama amesema nisinunue kwa Zaituni."

Crispus alilisikia jina hilo siku alipokwenda yeye mwenyewe kununua. Alinunua kwa Kukunda kila siku ya soko. Mtu anayeishi peke yake hamalizi kopo moja kwa mwezi; chumbani kwake chumvi ilikuwa ya kutosha kukausha ng'ombe. Hakuwahi kumwambia Kukunda neno zaidi ya "moja, nyabo," yaani bibi, na Kukunda hakuwahi kumwambia zaidi ya "shika, ssebo," yaani bwana. Lakini alipenda namna alivyosawazisha kopo, bila kudanganya na bila kujipendekeza. Siku hiyo, mkono wake ukiwa umenyooshwa, nyuma yake mtu aliita, "Zaituni, Hemedi wako anakusalimu!" Kukunda hakugeuza shingo. Ila kiganja kilichokuwa juu ya kopo kilisimama kidogo, kisha kikaendelea.

Crispus alirudi kibandani. Alijua kizindalo ndicho kilichowapa watu jina hilo, na mdomo wa kizindalo ulikuwa wake. Wiki hiyo hiyo alimsikia Gorret akimwambia Mahmood dukani kwamba safu ya chumvi itapangwa upya. "Huyu anatufukuzia wateja, hajji. Wanaona safu yote ni ya wabaya. Mimi nitaongea na wakubwa wa soko atafutiwe mahali kule nyuma, kwa wachinja mbuzi." Nyuma kwa wachinja mbuzi hakuna anayenunua chumvi. Kumpeleka kule ilikuwa ni kumwambia aende kwao.

Mtu mwingine angekwenda kumsemea Kukunda kwa Gorret, au angemwambia Mahmood aache kitabu. Crispus hakuwa mtu mwingine. Alichokuwa nacho ni kitabu, sauti, na sehemu ya kujificha. Akawaza: wanamchukia Kukunda kwa sababu wanamchukia Zaituni. Wakimhurumia Zaituni, watamhurumia na Kukunda. Mwandishi hakumpa Zaituni sababu yoyote. Basi atampa yeye.

Ijumaa ile alisoma nusu ya sura kama ilivyoandikwa. Kisha, jasho likimtiririka ndani ya shati, aliinua macho kutoka kwenye ukurasa na kusema mambo yasiyokuwamo. Alisema kwamba kabla ya kumwacha Hemedi, Zaituni alikuwa amezaa watoto wawili, na wote wawili walikufa wachanga. Alisema kwamba aliwaosha mwenyewe. Alisema kwamba mama mkwe hakutoa chozi, na tangu siku hiyo mlango wa moyo wa Zaituni ukafungwa. Aliyasema kwa sauti ya kusomea, na kwa sababu yalivaa nguo za kitabu, hayakumkwama. Yalitoka laini. Alipozima mitambo alikuwa amejaa furaha. Nje soko lilikuwa limenyamaza kabisa, naye akadhani ukimya huo ni huruma.

Haukuwa huruma. Watu walikuwa wanahesabu.

"Watoto wawili," alisema mama mmoja kwenye foleni ya maji jioni ile. "Na wote wachanga."

"Na alimwacha bwana bila kosa. Sasa mumeelewa juu ya nini alikimbia?"

"Njo maana mama mukwe hakulia. Mama mukwe alijua nani aliwakula."

Hivyo ndivyo watu wa huko walivyoisikia. Mwanamke asiyezika mama mkwe, asiyetoa nyongeza, asiyekwenda kwenye vilio, halafu akawa na watoto wachanga wawili kaburini: katika vijiji vya mlimani hadithi hiyo ina mwisho mmoja tu, wa mchawi aliyekula watoto wake, na kila mtu anaujua tangu utotoni. Crispus naye alizaliwa humo humo. Alipaswa kuujua. Lakini alikuwa ameingia sana katika kitabu cha pwani hata akasahau wasikilizaji wake ni wa wapi. Na kwa kuwa Zaituni alikuwa ameshakuwa Kukunda muda mrefu, hakuna aliyesema "Zaituni amekula watoto." Walisema yule. Yule wa chumvi.

Jumanne watoto waliotumwa chumvi walipita mbele ya Kukunda wakikimbia, vidole wamevikunja ndani ya viganja kujikinga na uchawi.

Siku mbili baadaye, siku isiyo ya soko, Crispus akiwa anafuta vumbi mitambo, kidirisha kiligongwa.

"Nzanzu."

Aliijua sauti. "Ee, nyabo."

"Toka nikuone. Sitaongea na tundu."

Alitoka, akasimama mlangoni, macho yake chini. Kukunda alikuwa amevaa nguo ya kanisani. Alikuwa ametoka safari.

"Wale watoto wawili umewatoa wapi?"

Crispus alikunja kitambaa cha vumbi mkononi.

"Nimeuliza kwa mwalimu mmoja ambaye anajua hiki kitabu. Anasema haimo. Zaituni hana mtoto hata mmoja. Nakuuliza, umewatoa wapi?"

"Nili... nilitaka wamhurumie."

"Nani?"

Kukunda alimtazama, na Crispus akaona kwamba ameelewa yote, hata ile chumvi ya kila wiki, na kwamba kuelewa huko hakukumsaidia kitu.

"Mimi niko na mtoto mmoja," alisema. "Anaitwa Arinda. Ni mzima. Yuko Muhokya kwa baba yake, anasoma. Natoka huko sasa hivi. Wenzake shuleni wamemwambia mama yako alikula wadogo zako. Muhokya, Nzanzu! Maneno yako yamepanda gari yamefika Muhokya kabla yangu. Mtoto ananiuliza kama kweli alikuwa na wadogo, na kaburi liko wapi."

"Nisamehe, nyabo."

"Sikiliza. Watu kunichukia, hiyo nilikuwa naiweza. Mtu akinichukia, ananuna, ananunua chumvi, anakwenda. Lakini hii ya kuniogopa siiwezi. Nani aliniombea huruma kwako? Byamukama ni mtu mzuri. Sina la kumsema, hata hapa mbele ya Mungu. Nilichoka tu. Nilichoka kuamka kila siku niambiwe nimebahatika. Na mama yake sikumzika kwa sababu sikutaka kulia uongo. Basi. Hiyo ndiyo hadithi yote, haina maiti ndani." Akavuta pumzi. "Wewe uliona siwezi kuhurumiwa bila maiti?"

Ndivyo alivyofanya. Hata yeye, aliyempenda, hakuweza kumleta mbele ya watu alivyo.

"Kesho ni Ijumaa," Kukunda alisema. "Utasema katika hiyo mashini yako kwamba ulidanganya. Kwa mdomo wako, si kwa kusoma. Gorret amekwisha kuongea na wakubwa, wanangoja sababu tu. Kesho. Usiposema, mimi hapa sina mahali."

"Nitasema."

"Sema kabla ya vifo. Watu wasikie vizuri."

Usiku huo alijaribu maneno peke yake chumbani, na yalikubali. Asubuhi alijaribu tena njiani, yakakubali. Alipoketi mbele ya maikrofoni na kuwasha mitambo, soko zima lilisikia pumzi za mtu, moja baada ya nyingine, kama za ng'ombe anayepanda mlima. Watu waliacha kupatana bei wakatazama juu kwenye mlingoti.

"Ndugu wasikilizaji," Crispus alisema mwishoni.

Hapo ndipo alipokosea mara ya kwanza, kwa sababu hadithi hazianzi hivyo. "Ndugu wasikilizaji" ni mlango wa matangazo ya kweli, ya vifo na ya mifugo. Kila mtu akakaza sikio.

"Yale... yale ya watoto. Watoto wawili. Hayamo kitabuni. Niliyatia mimi." Pumzi. Alijua bado halijatosha, akajilazimisha kusema kilichobaki, na kikatoka chote kwa pamoja. "Mama Arinda hajazika mtoto. Mama Arinda ni mtu mzuri. Basi. Hayo tu."

Akazima. Alikuwa amesema maneno yake mwenyewe mbele ya watu elfu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu azaliwe. Aliweka paji lake la uso juu ya meza na kulia.

Nje, kizindalo kilikuwa kimemtaja Kukunda, kwa jina la mwanawe. Mpaka saa ile watu walikuwa wanasema chini chini, kwa jina la kupanga; hakuna aliyethubutu kusema wazi sokoni kwamba aliyezika watoto ni Kukunda. Sasa mlingoti wenyewe umesema, tena katika wakati wa matangazo ya kweli.

"Mumesikia? Kumbe njo yeye tangu mwanzo!"

"Anasema hayamo kitabuni. Sasa kama hayamo kitabuni, ameyajua wapi?"

"Amemwambia mwenyewe," Gorret alisema. Alikuwa amesimama, kopo mkononi, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyepata alichokuwa akikitafuta. "Kwani hamumwoni huyu Nzanzu? Kila soko yuko pale na mfuko wake. Mwanamume hana mke, chumvi yote hiyo anapikia nini?"

Kicheko kilipiga safu nzima, kikaenda mpaka kwenye nguo za mitumba, kikarudi. Kukunda hakuinuka. Alikaa nyuma ya chumvi yake mpaka soko likaisha. Hakupima hata kopo moja.

Hakukuwa na kikao. Hakuna mkubwa wa soko aliyekuja kumwambia ahame. Jumanne iliyofuata alipofika alfajiri, alikuta magunia yake, aliyokuwa akiyaacha chini ya banda pamoja na ya wenzake, yamemwagiwa maji. Ya wenzake yalikuwa makavu. Chumvi ilikuwa imeyeyuka na kutoka kwenye nyuzi za gunia, ikiteremka taratibu kwenye mtaro pamoja na maganda ya ndizi, na mbuzi wawili walikuwa wanalamba ukingo. Wanawake wa safu walikuwa wamefika wote. Kila mmoja alikuwa na kazi ya kufanya kwenye turubai lake. Gorret alisema tu, bila kumtazama mtu, "Mvua ya jana ilikuwa kubwa," na jana haikuwa na mvua.

Kukunda alikunja turubai. Alikung'uta magunia, akayakunja nayo, akafunga kwa kamba, akaweka kichwani. Njia ya kwenda kwenye magari ilipita mbele ya duka la Mahmood. Crispus alikuwa kibandani, mitambo imewaka kwa ajili ya matangazo ya asubuhi, maikrofoni iko mbele ya midomo yake. Alimwona kupitia kidirisha, shingo imenyooka chini ya mzigo. Angeweza kusema. Lakini aseme nini? Kila neno alilomtetea nalo lilikuwa limegeuka jiwe likampiga. Alikaa, akashika pumzi ili hata hiyo isisikike. Kukunda alipanda nyuma ya lori la wachuuzi wa samaki lililokuwa likirudi Katunguru, na lori likaondoka.

Kitabu kilikuwa kimebaki sura chache. Crispus alimwambia Mahmood hataki kuendelea.

"Hutaki?" Mahmood alishangaa. "Sasa ndiyo blanketi zinatoka! Wewe maliza. Soma kilichoandikwa, usiongeze kitu. Nilikwambia tangu siku ya kwanza."

Akamaliza. Alisoma kilichoandikwa. Katika sura ya mwisho Zaituni anaugua homa katika nyumba ya kupanga, hana wa kumpa maji. Anajikokota mpaka mlangoni kwa Hemedi. Hasemi nisamehe, kwa kuwa hajui kulisema. Anasimama tu. Hemedi anatoka, anamtazama, anasogea pembeni ili apite. Hapo ndipo kitabu kinakwisha.

Alipozima mitambo alisikia sauti ambayo hakuielewa. Alichungulia. Kina mama walikuwa wanalia. Mama wa Kasindi, yule aliyetaka Zaituni auawe hata kwa baiskeli, alikuwa ameshusha ndizi zake na kujifuta kwa kanga. Gorret alikuja mpaka kidirishani, macho mekundu.

"Maskini Zaituni," alisema. "Kumbe alikuwa na mtima, moyo kama wetu, ila hakujua kuutoa. Tulimwonea, Nzanzu. Tulimwonea bure."

Crispus alimtazama. Aliona kwamba machozi ni ya kweli. Akangoja. Alidhani baada ya jina hilo litafuata lile lingine, kwamba mtu hawezi kufika hapo asifike mbele kidogo. Gorret alipenga kamasi.

"Unacho kingine?" aliuliza. "Cha mapenzi, kama hiki?"

Zilipita wiki nyingi. Mahali pa Kukunda alipewa binti mmoja kijana mwenye nyongeza nzuri. Siku moja isiyo ya soko, Crispus aliomba ruhusa, akapanda gari mpaka Kasese, na kutoka hapo mpaka Katunguru, penye daraja. Hakuwa amepanga la kusema. Alijiambia ataona likija.

Hakumtafuta Kukunda sana. Alikuwa penye vibanda vya samaki kando ya barabara, kiti kidogo, kisu mkononi, anapara tilapia. Alikuwa amekonda. Mwanamke wa jirani alimwambia kitu, naye akajibu, na yule mwanamke akacheka. Kicheko cha kawaida, cha mtu na jirani yake. Hapa hawakumjua. Hapa alikuwa mwuza samaki tu, mkali kidogo.

Kukunda aliinua macho akamwona. Kisu kilisimama. Uso wake haukuwa na hasira. Ulikuwa na hofu tupu, hofu ya mtu aliyemwona tena nyoka aliyemwacha nyumba ya kwanza. Akainamisha kichwa na kuanza kupara tena, haraka haraka, magamba yakiruka.

"Karibu, mzee!" yule jirani aliita. "Unatafuta nani?"

Maneno yalikuwapo. Kwa mara moja katika maisha yake yalikuwa yamejaa mdomoni, mengi, yote yake. Nisamehe. Nilikupenda bila watoto waliokufa. Nilikupenda ulivyosawazisha kopo. Lakini jirani alikuwa anangoja, sikio wazi, na Crispus alijua jinsi neno moja linavyosafiri.

"Simtafuti mtu," alisema. "Nilishuka mahali si pangu."

Akageuka, akavuka barabara kungoja gari la kurudi. Lilichelewa. Muda wote huo alisimama amewapa mgongo.